Wati Moja, Usiku Kucha: Hesabu ya Kubadili Taa za Mtaa

Wati moja ikiwaka kuanzia magharibi hadi alfajiri, kila siku kwa mwaka mzima, inakula uniti nne na ushee za umeme. Kwa bei ya T1 ya TANESCO, ambayo ndiyo kundi la taa za barabarani, hiyo ni kama Sh 1,560. Ikariri namba hiyo kabla mtaa wenu haujachanga hata shilingi, kwa sababu maamuzi mengi kuhusu taa yanaanzia hapo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, kwa hiyo usiku wetu ni wa saa 12 hivi, iwe masika au kipupwe. Saa 12 mara siku 365 ni saa 4,380, na wati moja kwa muda huo ni uniti 4.38. Katika bei zilizoanza Aprili 2016, uniti ya T1 ni Sh 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika Sh 356. Zidisha kwa 4.38. Siku bei ikipanda au kushuka, badilisha namba ya uniti tu.

Nawaandikia watu wa mitaa ambayo wakazi wenyewe ndio wanaolipa. Barabara za TANROADS na TARURA zina wenyewe. Taa ikizimika huko, kazi yako ni kupeleka taarifa serikali ya mtaa. Nawazungumzia wa njia za ndani: nyumba 20 zimekubaliana, kuna mweka hazina na daftari la michango, kuna mita moja ya LUKU ukutani kwa jirani mmoja, na kuna nguzo kumi zenye taa za zamani za rangi ya chungwa zinazomaliza tokeni kabla mwezi haujafika katikati. Mtu mmoja kikaoni kashasema tubadili tuweke LED. Mwingine kasema tuweke sola tuachane na LUKU kabisa. Wa tatu anamjua mtu Kariakoo mwenye taa za bei poa. Wote watatu wana hoja, ila hoja zao hazina uzito sawa.

Taa mliyonayo inakula nini

Taa ya rangi ya chungwa ni ya sodiamu. Ukiona imeandikwa wati 150 kwenye balbu, usiishie hapo. Ndani ya kichwa cha taa kuna balasti, lile bonge la chuma na shaba linalovuma usiku kukiwa kimya, nalo lina ulaji wake. Balbu ya wati 150 na balasti yake huvuta kama wati 170, ya 250 huvuta kama 275, na ile ndogo ya 70 huvuta kama 83.

Sasa zidisha kwa Sh 1,560. Sodiamu ya 250 ni Sh 429,000 kwa mwaka, kwa taa moja. Ya 150 ni Sh 265,200. Ya 70 ni Sh 129,480. Mtaa wenye nguzo kumi za sodiamu 150 unateketeza Sh 2,652,000 kwa mwaka, yaani Sh 221,000 kila mwezi, na kila nyumba kati ya zile 20 inabeba zaidi ya Sh 11,000. Zikiwa ni za 250, mzigo wa kila nyumba unakaribia Sh 18,000 kwa mwezi, na hapo ndipo watu wanapoanza kukwepa mchango na mtaa unarudi gizani.

Sodiamu haikuwa taa mbaya. Kwa zama zake ilitoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo, lumeni 100 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) kwa kila wati, na balbu yake hutajwa kudumu saa 24,000, zaidi ya miaka mitano ya usiku wetu. Mwanga wake hauumizi macho. Udhaifu wake ni kwamba unasambaa pande zote: juu kwa popo, pembeni kwenye dirisha la chumba cha kulala, na sehemu tu ndiyo inayofika barabarani. Kisha kuna jambo ambalo watu wa miji inayokatikakatika umeme wanalijua vizuri. Umeme ukikatika kwa sekunde mbili na kurudi, balbu ya sodiamu haiwaki papo hapo. Lazima ipoe kwanza, ndipo iwake na kupanda polepole hadi mwanga wake kamili. Dakika hizo mtaa uko gizani ilhali umeme upo. LED inarudi pamoja na umeme.

Kama taa zenu zinatoa mwanga mweupe wenye ubuluu uliofifia, basi huenda ni za zebaki, na hizo hazina mjadala. Hutoa kama nusu ya mwanga wa sodiamu kwa umeme uleule, na Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje balbu hizo. Zing'oeni, na zikabidhiwe kwa mtu anayejua pa kuzipeleka, zisivunjwe jalalani.

Mnahitaji mwanga kiasi gani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hubadilisha wati kwa wati bila kujiuliza njia yao inahitaji mwanga kiasi gani. Mwanga unaopimwa pale chini mguuni kipimo chake ni laksi. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki laksi moja. Viwango vya Ulaya kwa njia za makazi zenye watembea kwa miguu na magari machache huzungukia laksi 3 hadi 5. Kwa laksi 5 unaona shimo, unaona mfereji usio na mfuniko, na unamtambua anayekuja kabla hajakufikia.

Chukua njia ya upana wa mita 6 na nguzo zilizoachana mita 25. Kila taa inamulika mita za mraba 150, na kwa laksi 5 inatakiwa kufikisha chini lumeni 750. Tuwe wakali: tuseme zaidi ya nusu ya mwanga inaishia kwenye kuta na mabati, na tuondoe tena kiasi kwa ajili ya vumbi na uzee. Bado lumeni 2,500 zinatosha. LED nzuri ya leo hutoa lumeni 120 au zaidi kwa kila wati, kwa hiyo taa ya wati 30 ina lumeni 3,600 na ya wati 40 ina 4,800. Hiyo ya 40 ni ya kutosha na kubaki, alimradi iwe juu mita 6 au 7 na si mita 3, maana taa iliyo chini inang'arisha duara dogo na kuacha giza katikati ya nguzo na nguzo.

Fundi anaweza kukuambia kwamba sodiamu 150 hubadilishwa na LED ya 70 au 80. Kwa kulinganisha mwanga na mwanga, hajakosea. Swali ni kama sodiamu 150 ilistahili kuwa kwenye kichochoro chenu tangu mwanzo. Nyingi ziliwekwa kwa sababu ndizo zilizopatikana siku hiyo.

Wengine huvutiwa na mlingoti mmoja mrefu wenye taa kubwa juu, kama zile zilizosimikwa katika makazi duni ya Nairobi na kupewa jina la mulika mwizi. Kwenye uwanja au soko ni chaguo zuri. Kwenye njia zenye kuta za uzio na nyumba zilizobanana, mwanga unaotoka sehemu moja unazaa kivuli kirefu nyuma ya kila ukuta, na taa moja ikizimika mtaa mzima unazimika.

Rudi kwenye daftari. Nguzo kumi za LED ya wati 40 ni wati 400, Sh 624,000 kwa mwaka, Sh 52,000 kwa mwezi, Sh 2,600 kwa kila nyumba. Mnaweza kushuka zaidi. Kuna LED ambazo draiva yake, kiboksi cha umeme kilicho ndani ya taa, hupangwa kupunguza mwanga hadi nusu kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, nazo zinawashusha hadi Sh 1,950 kwa nyumba. Kwa tofauti ya Sh 650 mimi nisingepunguza. Saa 8 usiku ndipo nesi anaporudi kutoka zamu na mama muuza chapati anapoanza kutoka kuwahi moto, na hao ndio taa iliwekwa kwa ajili yao.

Los Angeles ilipoanza mwaka 2009 kubadili taa zake 140,000 za sodiamu, matumizi ya umeme wa taa hizo yalishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Mtaa wa nguzo kumi unaweza kupita asilimia hiyo, kwa sababu mji mkubwa una barabara kuu za kumulika na nyinyi hamna.

Wati za kwenye boksi

Sasa tumfikie yule anayejua duka la bei poa. Taa mbili zinaweza kuwa na maandishi yaleyale, "100W", na moja ikauzwa theluthi ya bei ya nyenzake. Mara nyingi ile ya bei ndogo haivuti wati 100 na haitoi mwanga wa wati 100. Hakuna haja ya kubishana na muuzaji, kwa sababu mita yako ya LUKU inaweza kutoa ushahidi.

Nunua moja tu kwanza. Iwashe nyumbani, zima kila kitu kingine, friji na chaja za simu zikiwemo, kisha kaa mbele ya mita. Kuna kitaa chekundu kinachomweka, na karibu nacho kuna maandishi ya imp/kWh, mfano 1000. Maana yake kitaa humweka mara 1,000 kwa kila uniti. Taa ya wati 100 ya kweli itakifanya kimweke mara moja kila sekunde 36. Ukihesabu sekunde 72 kati ya mweko na mweko, taa yako ni ya wati 50. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 3,600,000 kwa 1600, kisha gawanya jibu kwa sekunde ulizohesabu, unapata wati. Shughuli yenyewe inamalizika kabla chai haijapoa, na inaokoa mchango wa nyumba 20.

Ila wati za kweli peke yake hazitoshi. Tunachonunua ni lumeni, na tunataka kuendelea kuzipata miaka mitano baadaye. Kwenye taa ya LED zile nukta za mwanga kwa kawaida si za kwanza kufa. Kinachokufa ni draiva, kile kiboksi kinachobadili umeme wa volti 230 kuwa ule unaotakiwa na LED, na kinauawa na vitu viwili: joto na msukosuko wa umeme. Ndiyo maana taa nzuri ni nzito, ina mapezi ya alumini mgongoni ya kutoa joto, na imeandikwa kinga ya msukosuko, mfano 10 kV. Ile ya bati jepesi isiyo na kinga itaondoka siku umeme utakaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na zitaondoka nne kwa mpigo. Tazama pia IP65 au IP66, ambayo ni kinga ya vumbi na mvua. Kama mko Kunduchi, Tanga au popote upepo wa bahari unapofika, uliza kuhusu rangi ya nje na bolti za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi inakula alumini tupu.

Nimeona watu wakitaka kukwepa kununua kichwa kipya cha taa kwa kuingiza balbu ya LED yenye umbo la gunzi la hindi kwenye holda ileile ya sodiamu. Inawezekana, kwa sharti moja lisilo na mjadala: fundi atoe balasti na igneta nje ya mzunguko kwanza. Igneta hupiga mapigo ya volti elfu kadhaa ili kuwasha sodiamu, na mapigo hayo yanaunguza LED. Hata ikifanywa vizuri, balbu hiyo inatupa mwanga pande zote kama sodiamu, na inapikwa ndani ya kioo kilichofungwa. Ni suluhisho la muda.

Rangi ya mwanga

Dukani utaoneshwa nyeupe kali, kelvini 6,500, kwa sababu inaonekana ina nguvu. Ninaomba msiichukue. LED nyeupe kwa asili yake ni ya buluu iliyofunikwa utando wa njano, na kadiri kelvini zinavyopanda ndivyo ubuluu unavyobaki mwingi. Buluu hiyo hutawanyika zaidi ndani ya jicho, hasa la mzee au mwenye mtoto wa jicho, kiasi kwamba anayetazama mbele ya taa haoni kilicho chini yake. Wadudu pia huifuata kuliko mwanga wa njano. Juni 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000. Mji wa Davis, California, ulifunga LED za kelvini 4,000, wakazi wakalalamika kwamba zinawaingilia vyumbani, na mwaka 2014 ikabidi mji utenge dola 350,000 kuweka nyingine zenye mwanga wa joto zaidi. Mtaa wa nyumba 20 hauna fedha ya kununua mara mbili, kwa hiyo chagueni kelvini 3,000 kuanzia mwanzo. Hutoa mwanga pungufu kidogo kwa kila wati, na hesabu niliyofanya juu inalihimili hilo.

Kwa walio karibu na fukwe za Kigamboni au Mafia ambako kasa hutaga, jambo hili ni zito zaidi. Kasa wachanga wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa nyeupe ya nyumba au ya njia inawavuta bara, na asubuhi wanakutwa wamekauka. Huko iwekwe taa ya rangi ya kaharabu, yenye kifuniko, ielekezwe chini na mbali na ufukwe, au isiwekwe kabisa upande wa bahari.

Miaka mitano, taa moja

Bei za madukani zinabadilika kila meli inapoingia, kwa hiyo chukua namba za hapa kama mfano na uweke zako. Tuseme LED nzuri ya wati 40, yenye kinga ya msukosuko na dhamana ya maandishi, imefika nguzoni kwa Sh 250,000 pamoja na ufundi. Umeme wake wa miaka mitano ni Sh 312,000. Jumla ni Sh 562,000.

Sodiamu 150 mliyonayo haina gharama ya kununua, lakini umeme wake wa miaka hiyo mitano ni Sh 1,326,000, bila kuhesabu balbu, igneta na ngazi. Ukiibadili leo unaokoa Sh 202,800 kwa mwaka, na ile LED inajilipa ndani ya mwaka mmoja na robo. Kwa sodiamu ya 250 inajilipa mapema zaidi.

Sasa ile ya bei poa. Tuseme ni Sh 80,000, kwa hali halisi inavuta wati 50, na inadumu mwaka na nusu. Ndani ya miaka mitano mtainunua mara nne, na kila mara fundi apande kwa, tuseme, Sh 30,000. Hapo ni Sh 440,000. Ongeza umeme Sh 390,000. Imefika Sh 830,000, na katikati ya kila kifo chake kuna wiki za giza mkisubiri michango. Rahisi huvunja upishi.

Sodiamu ndogo ya wati 70 ni kesi nyingine. LED ya 30 badala yake inaokoa kama Sh 82,700 kwa mwaka, kwa hiyo taa ya Sh 250,000 inahitaji miaka mitatu kujilipa. Kama ni nzima na imetulia, iacheni iwake. Anzeni na zile kubwa, na hizi ndogo zibadilishwe kila moja inapokufa.

Sola

Wengi wanafikiri sola ndiyo mbadala wa bili kubwa, na ingekuwa kweli kama mngebaki na taa za sodiamu. Lakini mkishahamia LED ya wati 40, bili ya taa moja ni Sh 62,400 kwa mwaka. Hicho ndicho sola inachokuokolea, basi. Kwa miaka mitano ni Sh 312,000. Kama taa ya sola inayotoa mwanga uleule inazidi ile ya umeme kwa zaidi ya hapo, na mara nyingi inazidi, basi kwa upande wa fedha imeshindwa, na hatujaanza kuhesabu betri.

Na mwanga uleule ni kazi kuupata. Zipo taa za sola za kipande kimoja, paneli juu, betri ndani, LED chini, zilizoandikwa wati 200 au 300. Chukua futi kamba. Jua la mchana lina kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri inabadili kama moja ya tano ya hizo kuwa umeme. Paneli ya sentimita 50 kwa 30, ambayo ni saizi ya nyingi kati ya hizi, inatoa wati 30 jua likiwa la utosi. Dar inapata sawa na saa tano hivi za jua kamili kwa siku, kwa hiyo imevuna kama wati-saa 150, na ukiondoa upotevu zinabaki kama 120. Zigawe kwa saa 12 za usiku: wati 10. Hiyo "300" ni taa ya wati 10, na siku za masika ni pungufu ya hapo. Ndiyo maana nyingi zinawaka kwa nguvu hadi saa 2 usiku kisha zinafifia hadi mtu apite. Betri nayo imekaa chini ya paneli inayounguzwa na jua kutwa, na joto ndilo adui mkubwa wa betri.

Sola ya kweli ina paneli kubwa iliyotengwa na taa na betri ya LiFePO4 yenye uwezo ulioandikwa kwa wati-saa. Mahali pake ni pale umeme ulipo mbali na kebo ingegharimu kuliko taa yenyewe: njia ya kwenda kisimani, daraja la miguu, shule iliyo nje ya mji. Au kona moja ambayo lazima iwake hata umeme ukikatika, kama mlango wa zahanati. Kwa mtaa ambao nguzo na kebo zipo tayari, nashauri sola moja au mbili kwenye kona hatari, nyingine zote ziwe za umeme.

Lipo na chaguo lisilotajwa vikaoni, nalo ni taa ya ukutani. Kila nyumba iwashe LED ya wati 10 nje ya uzio, juu ya mita 3 na nusu, ielekee chini. Inatumia uniti 3.6 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye D1, kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, inalipa Sh 122 kwa uniti pamoja na kodi, yaani kama Sh 440 kwa mwezi. Hakuna mita ya pamoja, hakuna kufukuzana na wasiochangia. Mwanga hauko sawasawa kama wa nguzo, na nyumba isiyo na mtu inaacha pengo. Lakini kwa kichochoro chembamba ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Angalizo ni moja: nyumba inayocheza kwenye uniti 73 au 74 inaweza kusukumwa nje ya 75, na uniti za juu ya hapo hutozwa Sh 350 kabla ya kodi. Aliye karibu na mpaka huo asiwekewe taa ya wati 50 na majirani wenye nia njema.

Kabla ya kupandisha ngazi

Fundi awe na leseni ya EWURA. Vishoka ni wengi, na taa ya mtaani ni umeme ulio wazi kwa mvua na kwa mikono ya watoto wanaoshika nguzo ya chuma. Nguzo za TANESCO ni mali ya TANESCO. Msifunge kitu juu yake bila kibali chao. Kila nguzo iwe na fyuzi au swichi yake, ili moja ikipata shoti kumi zisizimike. Fotoseli moja, kifaa kinachowasha taa giza likiingia na kuzizima kukipambazuka, inaweza kuendesha taa zote kupitia kontakta, na hiyo ni bora kuliko kumtegemea mlinzi akumbuke swichi, kwa sababu taa ikisahauliwa hadi saa 3 asubuhi imekula robo ya umeme wa usiku juu ya ule wa halali.

Dhamana iwe kwenye karatasi, yenye jina la duka, muhuri na tarehe, na iseme kama inahusu taa nzima ikiwemo draiva. Katika miji kadhaa ya Marekani, kuanzia mwaka 2020 hivi, taa za LED ziligeuka zambarau kwa sababu ule utando wa njano ulibanduka, na waliokuwa na dhamana wakabadilishiwa na mtengenezaji. Kama hilo liliwapata wao, linaweza kuwapata na nyinyi.

Mwisho, nunueni taa 11 kwa nguzo kumi, zote za aina moja. Baada ya miaka miwili ile aina haitakuwepo dukani, na taa ya kumi na moja iliyofungwa vizuri kabatini kwa mweka hazina ndiyo itakayopanda siku moja ikizimika. Kwa mtaa uliokuwa na sodiamu za 150, bei yake inarudi kwenye akiba ya umeme ya mwezi wa pili.